Nicodemus, Kansas: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu historia yake na watu wake

Kila nikiigusia Nicodemus watu wanauliza yale yale, iko wapi, ilianzishwa na nani, mbona pamebaki watu wachache hivo, kwa hiyo nimeyakusanya hapa yote. Majibu mengine marefu mengine mafupi, inategemea jambo lenyewe. Kama una haraka nenda moja kwa moja kwenye swali la sensa na lile la reli, ubishi mwingi uko hapo.

Nicodemus iko wapi?

Jimbo la Kansas, kaskazini magharibi, kaunti ya Graham, pembeni ya barabara kuu namba 24, karibu na mto Solomon ule wa kusini. Makao makuu ya kaunti ni Hill City, kama kilomita 20 hivi ukielekea magharibi. Kama hujawahi kufika upande huo wa Marekani, ni ardhi iliyonyooka yenye vimiinuko vidogo vidogo, ngano, mtama, malisho ya ng'ombe, upepo haukatiki, na miti mingi utakayoiona ni ile iliyopandwa na watu au iliyofuata mto. Mvua ni ya kubahatisha, mwaka huu unavuna vizuri mwaka unaofuata hupati kitu, na hili la mvua lishike kichwani kwa sababu limeamua mambo mengi sana ya mji huu kuliko wanasiasa.

Nani waliianzisha?

Watu weusi waliokuwa watumwa Kentucky, ndo jibu fupi. Jibu refu kidogo ni kwamba tarehe 18 Aprili 1877 iliandikishwa kampuni ya mji, waanzilishi saba, sita weusi na mmoja mzungu. Rais wa kampuni alikuwa mchungaji W. H. Smith, mweusi, na yule mzungu alikuwa W. R. Hill, mtu wa Indiana aliyekuwa kwenye biashara ya ardhi. Katibu alikuwa Z. T. Fletcher ambaye ukisoma historia ya mji utakutana na jina lake kila kona, alikuwa mkuu wa posta wa kwanza, akawa na hoteli, na mke wake Jenny ndo alikuwa mwalimu wa kwanza. Simon Roundtree, mmoja wa wale saba, anahesabiwa mlowezi wa kwanza kufika, Juni 1877.

Kampuni ilitoa matangazo ya kuwaita watu weusi wa Marekani waje wachukue ardhi, kiwanja cha mjini dola 5. Hill mwenyewe alizunguka kwenye makanisa ya vijijini Kentucky akiwaambia watu kuna nchi kubwa tupu, wanyama wa kuwinda wamejaa, farasi mwitu unaweza kuwashika ukawafuga, na ardhi unapewa na serikali. Hilo la ardhi lilikuwa kweli. Hayo mengine tutafika.

Kwa nini 1877, kwa nini sio mara tu baada ya utumwa kuisha?

Swali zuri sana hili na ndo ufunguo wa yote. Vita ya wenyewe kwa wenyewe iliisha 1865, utumwa ukafutwa, na kwa miaka kama kumi na mbili jeshi la serikali kuu lilikuwa bado lipo kwenye baadhi ya majimbo ya kusini na watu weusi wakapiga kura na wengine wakachaguliwa mpaka bungeni. Alafu 1877 wanasiasa wakapatana mambo yao kuhusu urais wa Rutherford Hayes na wanajeshi wa mwisho wakarudishwa kambini, kwa hiyo waliokuwa mabwana wakarudi madarakani na vitisho na mauaji vikaongezeka. Kentucky yenyewe haikuwahi kujitenga kwenye ile vita lakini maisha ya mtu mweusi pale hayakuwa na tofauti kubwa, unalima shamba la mtu mnagawana mazao, ukipiga hesabu mwisho wa mwaka wewe ndo unadaiwa.

Upande wa pili kulikuwa na sheria ya 1862 iliyosema mtu akienda magharibi akachukua ekari 160, akaishi hapo miaka mitano na kulima, ardhi inakuwa yake kwa ada ndogo tu ya kuandikisha. Ekari 160! Mtu ambaye miaka kumi na mbili nyuma yeye mwenyewe alikuwa anahesabiwa mali ya mwenye shamba. Na Kansas ilikuwa na sifa yake, ilimwaga damu kabla hata ya hiyo vita ya wenyewe kwa wenyewe kwa kukataa kuingia muungano kama jimbo la utumwa, John Brown, yule mzungu aliyeshika silaha kupinga utumwa, alipigana pale. Kwa hiyo kwa watu wa Kentucky neno Kansas lilikuwa na uzito.

Nicodemus ilitangulia ule uhamaji mkubwa wa 1879 ambapo maelfu ya watu kutoka Louisiana, Mississippi na Tennessee walimiminika Kansas, wale wanaoitwa Exodusters kwa kufananishwa na wana wa Israeli kwenye kitabu cha Kutoka. Watu wanachanganya hizi habari mbili, hawa wa Nicodemus walishamaliza baridi mbili pale kabla wimbi la 1879 halijaanza.

Jina limetoka kwa yule Nikodemo wa Biblia?

Wengi wanadhani hivo na ni rahisi kudhani maana walikuwa watu wa kanisa kweli kweli. Lakini maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba lilitoka kwa mtumwa wa kwenye hadithi aliyeitwa Nicodemus, ambaye anasimuliwa kwamba aliletwa na meli kutoka Afrika na baadae akajinunulia uhuru wake. Alishaingia kwenye nyimbo za wakati ule na matangazo ya mji yalilitumia jina lake.

Walifikaje, na walikuta nini?

Kundi la kwanza la watu kama 30 lilifika Julai 1877 kutoka Topeka, makao makuu ya jimbo la Kansas. Kundi kubwa, watu kama 300 kutoka eneo la Lexington Kentucky, lilifika Septemba. Walipanda treni mpaka Ellis, kituo cha reli kilichokuwa kama kilomita 55 kusini, na kutoka hapo wakaenda kwa miguu na mikokoteni.

Walichokikuta ni nyika. Hakuna nyumba, hakuna mti wa kukata ujenge, hakuna mji. Wachache waliotangulia walikuwa wanaishi ndani ya ardhi, unachimba ubavuni mwa mlima au kingo za mto, unaezeka juu kwa matawi na majani na udongo, unatoboa sehemu ya moshi kutokea. Kuna ushuhuda wa mama mmoja anaitwa Willianna Hickman aliyefika na mume wake mchungaji 1878 wakitokea Georgetown Kentucky, na njiani waliondokewa na watoto wa kundi lao kwa surua pale Ellis. Anasema wanaume walipopaza sauti kwamba Nicodemus ile pale yeye aliangaza macho asione kitu, akauliza iko wapi, mume wake akamwonyesha moshi unaotoka ardhini. Watu walikuwa wanaishi kwenye mashimo. Alilia. Hayo maneno aliyasema mwenyewe akiwa mzee na yalichapishwa, na mimi nadhani ukisoma kitu kimoja tu kuhusu mji huu soma ushuhuda wake.

Familia nyingi hazikulala hata siku mbili, zikageuza, inatajwa familia 50 au 60 za lile kundi la Septemba. Hill naye hasira zilimwangukia, inasimuliwa kuna waliotaka kumnyonga na ikabidi ajifiche. Wewe fikiria mtu amekuuzia farasi mwitu na mapori ya kuwinda alafu unakuta upepo.

Waliobaki waliishije baridi ya kwanza?

Kwa shida. Walifika Septemba, msimu wa kupanda ulishapita, chakula walichobeba kiliisha. Farasi walikuwa wa kuhesabu kwenye vidole kwa koloni zima, kwa hiyo ardhi walivunja kwa jembe la mkono na sepetu, na ardhi ya nyika ambayo haijawahi kulimwa mizizi yake imesukana hatari. Kuni hakuna, walichoma samadi kavu na mabua ya alizeti. Wanaume wakatembea kwenda kutafuta vibarua kwenye reli na miji mingine, wakawaacha kina mama na watoto kwenye zile nyumba za ardhini.

Wazee wa Nicodemus wamesimulia kizazi baada ya kizazi kwamba kilichowaokoa ni Wahindi Wekundu wa kabila la Osage waliopita hapo wakirudi kuwinda, wakawagawia nyama. Pia walituma watu kuomba msaada sehemu nyingine za Kansas wakapata chakula na mbegu. Na Oktoba 1877, katikati ya hiyo dhiki yote, akazaliwa mtoto wa kwanza wa mji, Henry Williams, mama yake Emma alitembea kutoka Ellis akiwa mjamzito wa miezi ya mwisho. Ukoo huo umeendelea kuwepo Nicodemus na umetoa wakulima mpaka zama zetu.

Haya, tuambie sasa. Wako wangapi?

Sensa ya 2020 inasema 14. Kumi na nne.

Lakini usiondoke hapo kwanza. Namba hiyo ni ya kile kipande kidogo cha makazi ambacho ofisi ya sensa imekichorea mpaka kwa ajili ya kuhesabu tu, kwa sababu Nicodemus haina halmashauri wala meya, sio mji kisheria. Kuna kata nzima inayoitwa Nicodemus yenye mashamba kuzunguka, na ukisoma takwimu za zamani mara nyingi wanazungumzia kata, sio makazi, ndo maana unakuta huyu anasema mamia huyu anasema kumi na kitu na wote hawajadanganya. Kingine, kwenye sensa ya 2020 Marekani ilitumia mbinu ya kuongeza na kupunguza kidogo takwimu za maeneo madogo ili mtu asiweze kutambulika, kwa hiyo kwenye sehemu yenye watu 14 hiyo 14 yenyewe ichukulie kama makadirio, inaweza ikapanda au kushuka kidogo.

Kwa mtiririko ni hivi. Kufikia 1880 mji na kata yake vilikuwa na watu weusi 258 na wazungu 58. Miaka ya 1880 ikaongezeka, kukawa na benki, hoteli, maduka ya bidhaa, maduka ya dawa, mhunzi, makanisa, shule, timu ya besiboli na magazeti mawili, moja likianza 1886 na jingine 1887. Magazeti mawili kwenye nyika! Mwaka 1935 makazi yalibaki na watu 76. Mwaka 1950 walikuwa 16. Kwa hiyo ukiangalia vizuri, kutoka 1950 mpaka 2020, miaka 70, namba haijacheza sana, wanazaliwa wanaondoka wanarudi wazee, na pamekaa hapo hapo kwenye kumi na kitu. Watu wanaosema Nicodemus inakufa sasa hivi wangepaswa kuwa wamesema hivo tangu babu zao, na bado ipo.

Ni kweli reli ndo iliua mji?

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hii hadithi inarudiwa kila mahali na naona imerahisishwa mno.

Kilichotokea ni hiki. Miaka ile mji bila reli haukuwa na maana, mazao yako unayapeleka sokoni na nini, kwa hiyo kila mji wa Kansas ulikuwa unabembeleza kampuni za reli. Mwaka 1887 wapiga kura wa Nicodemus walikubali kujibebesha deni la dola 16,000, yaani kata itoe hati za mkopo zimsaidie Missouri Pacific alete njia. Watu waliokuwa kwenye mashimo miaka kumi nyuma wanajadili dola 16,000! Mazungumzo yakavunjika. Union Pacific nao wakapita, lakini ng'ambo ya mto, kama kilomita 10 kusini magharibi, 1888. Kambi yao ikageuka mji unaitwa Bogue. Wenye maduka wakafunga virago, na kuna waliobeba mpaka majengo yenyewe wakayavuta kwenda Bogue. Magazeti yakafungwa.

Sasa hapo wengi ndo wanaweka nukta na kuandika "mji ukafa". Hapana. Kilichoondoka ni biashara. Wakulima hawakwenda popote, ardhi yao ilikuwa Nicodemus, makaburi Nicodemus, kanisa Nicodemus. Kanisa la Baptist la mawe lilijengwa 1907, shule mpya ikajengwa 1918, miaka thelathini nzima baada ya reli kuwapita. Mji uliokufa haujengi shule. Koo zikaoana, mashamba yakaongezeka, vita ya kwanza ya dunia bei ya ngano ikapanda watu wakapata pesa. Kama reli ingekuwa ndo muuaji basi Bogue ilitakiwa iwe jiji leo, na Bogue yenyewe ina watu wasiofika 200.

Kumbe kilichowapunguza ni nini?

Miaka ya 1930. Kwanza mdororo mkubwa wa uchumi, bei ya ngano ikaanguka mpaka haifai hata kuvuna, alafu juu yake ukame wa miaka na tufani za vumbi zilizogeuza mchana usiku. Mkulima mwenye ekari chache na deni benki hakuwa na pa kujishika. Watu wakaenda Topeka, Denver, Kansas City, wengine mpaka California, na vita ya pili ilipokuja na viwanda vikahitaji mikono, vijana waliobaki nao wakaondoka. Posta ikafungwa 1953, shule ikafungwa 1960, na ukishaondoa posta na shule kijijini umebakiza kanisa tu.

Na hapa niseme kitu ambacho waandishi wengi wanakiruka. Kupungua huku hakukuwa kwa Nicodemus peke yake. Kaunti nzima ya Graham, ambayo wengi ni wazungu, ilikuwa na watu zaidi ya 8,000 mwaka 1910, na 2020 ilikuwa na 2,415. Trekta likaja, kisha kombaini, mtu mmoja akawa analima eneo lililokuwa linalisha familia kumi, kwa hiyo miji yote ya upande huo imesinyaa. Tofauti ni kwamba mkulima mweusi alikuwa na mzigo mwingine juu, kunyimwa mikopo ya kilimo au kucheleweshewa, na hilo lilifika mpaka mahakama za Marekani, ile kesi maarufu ya wakulima weusi dhidi ya wizara ya kilimo ambayo walifikia makubaliano 1999. Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na wakulima weusi zaidi ya 900,000. Leo ni sehemu ndogo kabisa ya hiyo. Ukiiweka Nicodemus ndani ya picha hiyo utaona 14 kwa jicho tofauti.

Edward McCabe ni nani?

Mzaliwa wa Troy, New York, 1850, alifanya kazi ya ukarani Wall Street alafu Chicago, akaja Nicodemus 1878 na rafiki yake Abram Hall aliyekuwa mwandishi wa habari. Hawa wawili ni muhimu kwa habari ya idadi ya watu, maana kaunti haikuwa imeundwa rasmi, ilibidi ithibitishwe kwamba kuna wakazi wa kutosha, na Hall ndo alipewa kazi ya kuzunguka kuwahesabu. Fikiria kuhesabu watu ambao nyumba zao ziko chini ya ardhi. Kaunti ikaundwa 1880 na gavana akamteua McCabe karani wa muda, mwaka uliofuata akachaguliwa. Mwaka 1882 akachaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, mtu mweusi wa kwanza kushika cheo cha kuchaguliwa na jimbo zima pale, na akashika vipindi viwili. Baadae akaenda Oklahoma akashiriki kuanzisha mji wa Langston.

Mababu zao walitoka huku kwetu Afrika Mashariki?

Wengi hapana. Waliopelekwa kwenye makoloni ambayo baadae ndo Marekani walitoka zaidi Afrika Magharibi na eneo la Kongo na Angola. Watumwa wa Kentucky walikuja na mabwana zao hasa kutoka Virginia, na Virginia ilipokea pia meli chache kutoka Madagascar mwanzoni mwa miaka ya 1700, kwa hiyo tone la damu ya Bahari ya Hindi linaweza kuwemo, lakini usijenge hadithi kubwa juu yake. Kinachofahamika vizuri zaidi ni upande wa Kentucky kwenyewe, wazao wamefuatilia koo zao mpaka kaunti ya Scott, pale Georgetown, na baadhi walikuwa watumwa wa shamba la Richard M. Johnson, ambaye alikuwa makamu wa rais wa Marekani 1837 hadi 1841.

Mbona hii imebaki wakati miji mingine ya watu weusi imepotea?

Ni kweli, ilikuwepo mingi, Kansas peke yake kulikuwa na makoloni mengine, na Nicodemus ndo ya zamani zaidi iliyobaki magharibi ya mto Mississippi kati ya miji ya watu weusi ya kipindi kile baada ya vita. Sababu ziko kadhaa lakini mimi naipa uzito moja, walikuja kama koo zinazojuana tayari. Hawakuwa watu waliookotwa huku na huku, walikuwa wa kaunti moja, kanisa moja, wengine shamba moja la utumwa, na wakaendelea kuoana, kwa hiyo hata aliyehamia Denver ana shangazi Nicodemus. Hill alileta maneno, lakini undugu walikuja nao wenyewe.

Na pili kuna watu walioamua kupigania. Mwaka 1976 mji ukatambuliwa kama alama ya kihistoria ya taifa, na miaka ya mwishoni mwa 1980 Angela Bates, mzao wa walowezi, alianzisha chama cha historia cha Nicodemus na kusukuma mpaka Novemba 1996 bunge la Marekani likaifanya eneo la kihistoria la taifa, chini ya idara ile ile inayosimamia hifadhi za Yellowstone na Grand Canyon.

Nasikia kuna sherehe kila Julai, ni ya nini?

Tangu 1878 walikuwa wanasherehekea ukombozi, na tarehe waliyochukua ni Agosti mosi, siku ambayo utumwa ulifutwa visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Uingereza, 1834. Miaka ile ilikuwa na besiboli, ndondi, nyama ya kuchoma, watu wanatoka mbali na magari ya farasi. Leo inafanyika wikiendi ya mwisho ya Julai na inaitwa kurudi nyumbani, na wazao wanakuja kwa mamia kutoka nchi nzima, kuna gwaride, ibada, maonyesho ya mavazi, chakula. Ni kama Wachagga Desemba, ukiona Moshi siku hizo utadhani hakuna mtu aliyebaki Dar.

Ndo maana mtu akiniuliza Nicodemus ina watu wangapi huwa namuuliza unataka ya sensa au ya Julai. Sensa inahesabu pale unapoishi tarehe mosi Aprili. Hawa wa Julai wana makaburi ya babu zao pale, wengine wana hati za ardhi wamezikodisha kwa wakulima, wengine wanataka wazikwe pale. Kwangu hao ni watu wa Nicodemus.

Kuna mtu maarufu aliyetoka huko?

Veryl Switzer, aliyezaliwa 1932, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa chuo cha Kansas State, na mwaka 1954 timu za kulipwa zilipochagua wachezaji wapya yeye alichukuliwa wa nne nchi nzima, na timu ya Green Bay Packers. Alipomaliza mpira alirudi Kansas State akafanya kazi chuoni miaka mingi, na muda wote aliendelea kushikilia shamba lake la Nicodemus. Amefariki 2022.

Bado wanalima?

Wachache, ndiyo, ngano hasa. Miaka ya mwanzo ya 2000 chama cha wakulima weusi wa Kansas kilichokuwa na makao pale kilijaribu zao ambalo wasomaji wa huku watalifahamu, teff, ile nafaka ndogo ya Ethiopia ya kutengenezea injera. Hesabu yao ilikuwa inaeleweka kabisa, teff inavumilia ukame, na mijini Marekani kuna Wahabeshi wengi wanaoitafuta. Wazao wa Waafrika wa Kentucky wanapanda nafaka ya Ethiopia Kansas, mimi nikiisoma hiyo nafurahi kila mara.

Ni mji wa watu weusi tu? Mzungu haruhusiwi?

Hakuna sheria ya hivo na haijawahi kuwepo. Tangu 1880 wazungu walikuwa kwenye kata, wengine walikuwa na maduka mjini, na majirani waliazimana farasi na mashine. Ulianzishwa na watu weusi kwa ajili ya watu weusi, basi, na majirani wakawa majirani.

Nikienda nitaona nini?

Majengo matano ndo moyo wa eneo la kihistoria. Kanisa la AME, yaani la Kimethodisti lililoanzishwa na watu weusi wa Marekani, la 1885, hoteli ya St. Francis ambayo ilikuwa nyumba ya kina Fletcher, kanisa la Baptist la 1907, shule ya 1918, na ukumbi wa kata uliojengwa kwa mawe ya chokaa mwaka 1939 kwenye ule mpango wa serikali wa kuwapa watu ajira wakati wa mdororo. Nyumba nyingi ni za watu binafsi, wanaishi hapo, kwa hiyo usichungulie madirishani wala kukanyaga bustani zao, uliza kwanza kwa maaskari wa hifadhi watakuelekeza. Kiingilio hakuna.

Kwa gari ni mwendo wa kama masaa matano kutoka Denver au Kansas City, unafuata barabara kuu namba 70 kisha unakata kaskazini. Basi la kufika pale hakuna. Jaza mafuta Hays au Hill City na ubebe maji na chakula, Nicodemus hakuna kituo cha mafuta. Ukiweza kuchagua, nenda wikiendi ya mwisho ya Julai, jua ni kali lakini utakuta wenyewe, na wazee wakijua umetoka mbali wanakusimulia wenyewe bila kuombwa.